Injini ya Roketi Ndani ya Birika la Wageni

Mpendwa Mshauri Kalekye,

Kwa heshima na taadhima naomba kulitangazia taifa, kupitia safu yako, kwamba chumba chetu hapa Gatwekera, chenye mlango mmoja na dirisha lisilofunguka, sasa ni kituo rasmi cha kuegesha chombo cha angani, na chombo chenyewe kimesimama juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa cha krosheti kisishike vumbi. Baada ya tangazo hilo nakuomba unisaidie, maana kuna jambo nimefanya na sijui nitalitengua vipi.

Mimi ni mama wa watoto wawili na wote wameshatoka nyumbani, Whitney ameolewa, na Austine, kitinda mimba, amehamia mtaa wa Kawangware 46 kwa chumba chake, na tangu siku aliyobeba godoro lake akatoka, nyumba ilinyamaza, sikuwa najua kumbe kelele zote zile zilikuwa zake peke yake, mimi na baba yao tukabaki tunatazamana kama watu wawili wanaosubiri daktari. Mume wangu ni seremala, hutengeneza vitanda kando ya barabara, si mlevi, hajawahi kuniinulia mkono, ni mtu tu aliyeishiwa maneno, alikuwa anakuja, anakula, anasema "asante Mama Whitney," kisha anaenda kibanda cha mpira kule mtaa wa Raila kutazama watu asiowajua wakicheza katika miji asiyoijua, na akirudi ananikuta nimelala au nimejifanya nimelala.

Sasa huyu Austine hufanya kazi ya kuhamisha watu vyombo huko Lavington, na mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao akampa boksi lenye picha ya chombo cha angani, ndani kuna vipande vya kuunganisha, akalileta hapa Jumapili moja.

"Niaje mzae, cheki hii mzigo. Ni roketi. Unaiunda mwenyewe halafu inapaa."

Baba yake akatoa ubao mmoja mwembamba, akaupindapinda kwa vidole. "Hii si mbao. Hii ni biskuti."

"Ni mbao, mzae. Ni ile nyepesi."

"Kitanda cha hii kitu, mtu akikohoa anajikuta chini."

Lakini siku hiyo hakwenda kwenye mpira, wala kesho yake, akawa akitoka kazini anatandaza gazeti mezani, anapiga msasa vile vibawa pole pole kama anayemnyoa mtoto mchanga, na kwa sababu maandishi ya ile karatasi ya maelezo ni madogo kama sisimizi na miwani yake haisaidii, nikawa mimi ndiye msomaji na mfasiri, Kiingereza changu ni cha shule ya msingi lakini roketi haikulalamika.

"Soma tena hapo kwa bawa."

"Nimesoma mara tatu, Baba Whitney. Hayo maneno hayajabadilika."

"Soma tu. Napenda vile unasema 'gundi kiasi.'"

Mshauri, mimi niko na huyu mtu tangu tukiwa vijana na sikumbuki ni lini mara ya mwisho aliniambia anapenda vile ninasema kitu chochote. Tukaanza kuongea, kwanza ya roketi, halafu ya watoto, halafu akaanza kunieleza mambo ya kwao nyumbani ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi akiwa mdogo alitengeneza ndege ya bua la mtama ikaangukia kwa uji wa nyanya yake. Parachuti iliyokuja na boksi ilikuwa imekauka, ukiigusa inapasuka, nikamwambia usijali, nikamfumia nyingine ya krosheti, nyeupe, yenye maua, akaishika mbele ya taa akaitazama sana.

"Mama Whitney, hii ina mashimo."

"Si mashimo, ni maua."

"Na hewa itashikwa na nini?"

"Na maua."

Tulicheka mpaka jirani yetu Rachael akagonga ukuta wa mabati. Basi nikashona nyingine kwa kitambaa cha mwavuli mbovu, na ile yenye maua hakuitupa, ndiyo hiyo anafunikia chombo.

Sasa sikiliza kosa langu. Injini ya hii roketi ni kitu kidogo, kijiti cha karatasi ngumu mfano wa kidole gumba, ndani kuna baruti, na ilikuja moja tu, ikiungua imeisha. Kazi ilipokamilika akasimama katikati ya chumba akaishika roketi kwa mikono miwili, akasema Jumamosi tunaenda kurusha. Nikamuuliza, "Na baadaye?" Akaniuliza, "Baadaye nini?" Nikamwambia, "Tukisharusha." Akasema, "Tutakuwa tumerusha."

Hiyo "tutakuwa tumerusha" ilinitosha. Niliona kile kibanda cha mpira, nikaona sahani yake iliyofunikwa, nikajiona nimegeukia ukuta. Alipotoka kwenda kuoga nikaichukua ile injini nikaitia ndani ya birika la wageni. Unajua birika la wageni, mshauri, kila nyumba iko nalo, lile la maua linalokaa nyuma ya kioo na vikombe vyake, ambalo sisi wenye nyumba hatunywi chai yake hata tukiumwa. Hakuna mahali salama zaidi ya hapo.

Akaitafuta, masikini. Akainua godoro, akakung'uta viatu, akafungua redio kwa bisibisi. Akaniuliza, "Hujaiona ile injini?" nikasema, "Injini gani?" kama mtu ambaye nyumba yake ina injini nyingi. Akaenda kumuuliza Rachael kama labda watoto wake wameiokota, na Rachael akamjibu, "Baba Whitney, mkifika huko juu mniwekee chumba, lakini ulizeni kwanza kama maji huja."

Halafu akaacha kutafuta. Hakukasirika. Bado anakuja nyumbani mapema, anafunua chombo, anakitazama, na juzi ameanza kupaka rangi upya bawa ambalo alikuwa amelipaka likakauka likang'aa, na mimi namsomea ile karatasi kana kwamba kuna kitu tuliruka. Lakini kuna wakati anakaa tu na brashi mkononi, moyo wangu unaniambia mwanamke wewe ni mwizi, tena umemwibia mtu mzuri.

Na sasa wamama wa maombi wanakuja kwetu Alhamisi ijayo na lazima niwatolee vyombo. Nimeokoka kwa muda tu, maana mume wangu mwenyewe, ambaye siku moja alininunia kwa kumpa shemeji yake chai kwa kikombe cha kila siku, aliniambia, "Hao wamama wape chai ya thermos tu, usisumbue birika," nikamshukuru Mungu kwa kunifunika. Lakini atanifunika mpaka lini? Niirudishe hiyo injini, roketi ipae, nimpoteze tena kwa watu wa mpira? Ama ninyamaze, tuendelee kupaka bawa rangi mpaka tuzeeke?

Ni mimi, Mama Whitney (jina limebadilishwa, ingawa kwa habari ya roketi majirani wa ploti nzima watanijua), Gatwekera.

MSHAURI KALEKYE ANAJIBU

Mama Whitney, baruti ndani ya birika! Mama! Wamama wa maombi wangekuja kumsifu Mungu wakanywa chai ya baruti, na wewe ungesimama hapo na sinia ukiuliza nani aongezwe sukari. Hilo nalisema kwanza ili nilimalize, maana mengine yote nitakayosema nitayasema nikiwa upande wako.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilikushangaa, kwa sababu umeandika kila kitu ukakosa kukisoma, wewe ambaye ndiye msomaji wa nyumba. Mume wako alitafuta injini chini ya godoro, ndani ya viatu na ndani ya redio. Katika chumba kimoja. Huyo ni seremala, mtu wa kugonga ubao akajua kama ndani kuna mdudu. Halafu ghafla akaacha kutafuta. Halafu mtu huyo huyo, ambaye heshima ya mgeni kwake ni birika, akakuambia wageni wanywe chai ya thermos, birika lisisumbuliwe. Wewe ukamshukuru Mungu. Mungu ashukuriwe, lakini aliyekufunika hapo ni mume wako.

Anajua, mama. Amejua labda tangu siku ile alipoacha kutafuta. Hakukuuliza, hakukuaibisha, hakuitoa. Alichukua brashi akaanza kupaka rangi bawa lililokwisha kupakwa. Wewe unafikiri seremala wa vitanda hajui rangi iliyokauka? Naye pia haendi popote. Nyinyi wawili mnalinda birika moja, kila mmoja akidhani yuko zamu peke yake.

Sasa nikugombeze kidogo. Kosa lako si injini. Ulikuwa na swali kubwa, nalo ni, "Je, utaniacha tena na ukuta?" Badala ya kuliuliza hilo ukauliza, "Na baadaye?" Mwanamume wa umri huo ukimuuliza kwa mafumbo atakujibu kwa ukweli. Mkirusha mtakuwa mmerusha. Amekosea wapi? Hukumwambia kwamba unaogopa, yeye hakujua kwamba ameulizwa, na wewe ukamhukumu kwa jibu la swali lingine.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Alhamisi. Toa hiyo injini birikani, uifunge kwa karatasi, uiweke mahali pakavu mbali na meko, taa na moto wa aina yoyote. Birika lioshe kwa maji moto na sabuni, halafu ulioshe tena kama vile hukuliosha, na wamama wa maombi wapate chai yao kwa heshima inayowafaa. Jioni akitandaza gazeti lake, iweke injini mezani mbele yake. Usilie kwanza. Mwambie, "Niliificha kwa sababu nakupenda ukiwa hapa, na niliogopa ikipaa utaenda nayo." Ukimaliza, nyamaza. Akinyamaza naye, muache anyamaze. Huyo mtu si kwamba hana maneno, ni kwamba huyatoa pole pole kama anavyopiga msasa, na wewe umeshaona yakitoka yanavyokuwa mazuri.

Kuhusu kurusha. Hapo Gatwekera hapana, hata mkipata uwazi wa kutosha kuanika shuka. Kuna mabati, kuna nyaya za stima, kuna watoto, na juu yenu zinapita ndege zinazotua Wilson, na rubani hajui kwamba nyinyi ni watu wa kanisa. Tafuteni uwanja mpana nje ya mji, ulizeni ni wapi panaruhusiwa na nani anatoa ruhusa, mpate ruhusa hiyo kwanza. Kutafuta ruhusa katika nchi hii, nakuhakikishia, ni kazi ya jioni nyingi za kukaa pamoja mezani. Msiwashe kwa kiberiti. Kama karatasi inasema mtumie waya na betri na msimame mbali, simameni mbali kuliko inavyosema. Mwambieni Austine aje, ndiye aliyewaletea hii habari yote, abebe mzigo.

Na mpira nao usiuchukie. Jioni akitaka kwenda Raila, vaa sweta muende wote. Muulize ni nani anacheza na nani, na umwache akueleze hata kama hutaelewa. Naye hakuelewa maua ya parachuti lakini aliyatunza.

Siku ya kurusha usikae ukimtazama usoni kuona kama ameshaanza kuondoka. Tazama juu, na utazame haraka. Roketi ya ukubwa huo, kupanda na kushuka kwake kote, haimalizi dakika moja.