Sauti ya Mwenye Duka Juu ya Sauti ya Elisante

Jumatatu, 4 Juni 2001
Sala. Kusukuma chapati za mafundi gereji. Ukungu umeshuka mpaka hapa Kijenge, Mlima Meru hauonekani kabisa. Baba anakohoa. Nimemwongezea shuka, nikamwashia redio asikilize mahubiri.

Nimekwenda Kaloleni kununua unga. Siku hizi kila mlango wa pili ni duka la kanda. Mbele ya moja nikaganda. Spika ilikuwa inapiga gitaa la Elisante.

Kanda ya kwanza ya bendi yake, Baridi Kali, ile waliyokwenda kurekodi Nairobi mwaka themanini na mbili. Nimeinunua. Nimeificha chini ya unga.

Jumanne, 5 Juni
Baba alikuwa uani anaota jua. Nimejifungia chumbani kwake, maana soketi ya nyumba hii ni hiyo moja, nikaiweka kanda kwenye redio.

Nilikuwa nakumbuka ngoma za kutikisa moyo. Kumbe zinalia kama sufuria. Mpiga kinanda anawakimbia wenzake. Na Elisante, sauti nyembamba, mtoto kabisa. Wimbo wa pili aliufanyia mazoezi nyuma ya ghala la kahawa, mimi nimesimama pembeni najifanya nasubiri gari. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mungu wangu, nilimpenda.

Baba alimkataa hata kabla hajafungua mdomo. Mpiga magitaa hana shamba. Kanda ilipotoka nilikuwa nimeshaolewa na mwinjilisti, na kwetu nyimbo za dunia hazikuingia ndani. Naomi, rafiki yangu, aliniambia mwishoni mwa wimbo wa mwisho amesalimia watu wa kwetu. Sikuthubutu kuitafuta. Elisante hakurudi. Amezikwa huko huko Nairobi. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini hili nimelibeba miaka yote: alinitaja?

Nimeipeleka mbele mpaka mwisho. Gitaa likashuka, Elisante akavuta pumzi aseme. Ikaingia sauti ya mwenye duka: "Kwa kanda safi, ni kwa Shabani, Kaloleni, Kaloleni, Kaloleni." Alipomaliza kuvuma, wimbo nao umekwisha.

Ningekuwa na fimbo.

Jumatano, 6 Juni
Nimerudi kwa Shabani. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, haya hana.

"Mama, nisipoweka sauti yangu, wale wa stendi watainakili waseme ni yao."

"Kwani yako? Na wewe si umeiba?"

"Nimeihifadhi, mama yangu. Ningeiacha ife, leo ungekuja kunigombeza nini?"

Nikacheka, nimekasirika hivyo hivyo. Ile kanda ya asili aliyonakilia haina sauti yake. Ila amemwazima jirani yake wa Engutoto, nije Ijumaa. Jirani huyo anaimba kwaya. Sisi wa kwaya najua tabia yetu. Tukikosa kanda tupu tunaziba kwa karatasi vile vitundu vinavyozuia kanda isifutwe, tunarekodia mazoezi juu ya chochote.

Alhamisi, 7 Juni
Maombi ya akina mama. Midomo inaombea wagonjwa, moyo uko Engutoto. Jumapili kuna Meza ya Bwana. Nimemwambia Mungu ukweli. Sitafuti dhambi. Nataka kusikia jina langu kinywani mwake, basi.

Ijumaa, 8 Juni
Shabani alikuwa msikitini. Nimekaa kwenye ngazi ya duka mpaka akarudi.

Kanda ipo. Upande wa kwanza wameshaimba mapambio juu yake. Upande wa pili mzima.

"Nikuwekee hapa hapa, spika hii inasikika mpaka uwanjani," akasema.

Hapa barabarani, na mafundi wangu wa chapati wanapita? Nimekataa. Akanitazama, nadhani akaelewa kitu. "Nenda nayo, unirudishie kesho kabla ya adhuhuri, mama. Ikipotea hii, nimepotea na mimi."

Jumamosi, 9 Juni
Baba kifua kimembana, hatoki kitandani. Nimesubiri apitiwe na usingizi. Amegeukia ukutani. Nimepunguza sauti, nikaiweka.

Gitaa likashuka. Akavuta pumzi. Safari hii hakuna aliyemkatiza.

"Mzee Anaeli wa Nkoaranga, baba mkwe wangu Mungu akipenda. Shikamoo."

Basi. Gitaa kidogo, kisha mkwaruzo mtupu.

Jina langu hakulitaja, ametaja la Baba. Nilihisi uchungu, nikamwonea hasira. Kisha ndipo ikaniingia. Alikuwa ananiposa. Mlangoni alikuwa amefukuzwa, akapitia kwenye kanda.

Nikanyoosha mkono kuzima. Kitandani Baba, bila kugeuka, akaitika, "Marahaba."

Nikazima redio. Halafu akauliza kama uji umebaki.

Nimempashia. Amekunywa wote.