Mbegu za Bule na Fonie Iliyonyamaza

Jumanne, 1 mwezi wa tatu 1983
Fonie, redio yetu ya kuitana depo kwa depo, asubuhi kama kawaida. Mimi hapa Bunia, Augustin kwenye depo ya Iga Barrière, Mama Georgette kwenye depo ya Bule. Hewa mbaya, sauti zinakatika. Nikamwagiza Augustin apeleke kamyo ya chumvi Bule. Sikusikia jibu, nikarudia. Kumbe alisikia mara zote mbili, akadhani ni maagizo mawili. Kamyo mbili za chumvi! Patron Kasereka, mwenye depo zote, amenigombeza mbele ya wateja. Nimekasirika hadi sasa.

Alhamisi, 3
Nimepata dawa, tena jikoni. Nikimwita mwanangu mara mbili hawaji watoto wawili. Ana jina. Basi na kila agizo litakuwa na jina lake. Agizo la leo, mafuta ya mawese, nimeliita Petelo. Augustin alicheka sana.
"Petelo iko njiani, mama. Ukimuita tena, nitajua ni ule-ule."
Nilimwita tena kusudi. Kamyo ilikuwa moja. Mungu asifiwe kwa watu wanaoelewa upesi.

Jumatatu, 7
Leo nimemkabili Patron kwa jambo kubwa zaidi. Sheria yake: hata gunia moja halitoki depo yoyote bila sauti ya Bunia. Nikamuuliza, je, fonie ikifa? Akasema tutangoja. Nikamwambia njaa haingoji. Depo ziachiwe kuamua zenyewe kwa chumvi na mbegu, hesabu tutalinganisha baadaye. Alizunguka meza, akakuna kichwa.
"Sawa. Lakini mali ikipotea, weye utaacha hii kazi."
Kazi hii ndiyo inalisha wanangu tangu baba yao afariki. Nimekubali, nikawatangazia Augustin na Georgette kwa fonie. Ulimi wangu huu.

Ijumaa, 11
Radi imepiga antena. Fonie imenyamaza kabisa. Barabara ni matope, hakuna gari linalotoka Bunia. Mvua ya kupanda imeanza, na mbegu za maharage za wakulima wa Bule ziko Iga. Augustin na Georgette wakingoja sauti yangu, msimu umepita. Wakikosea wenyewe, mimi sina kazi.
Naogopa. 

Jumapili, 13
Bado. Patron amenisalimia kanisani bila kunitazama. Sikusikia mahubiri. Niliomba tu kwamba Georgette asiwe mwoga leo kama mimi.

Jumatano, 16
Kamyo ya kwanza kutoka Iga imefika, dereva ana matope hadi masikioni. Nikamkalisha, nikampa chai, akasimulia.
Mama Georgette hakungoja. Alimtuma kijana wa baiskeli hadi Iga. Akahofia ataanguka njiani, akampa ujumbe ule ule mchuuzi wa kabichi aliyekuwa anaenda huko. Wote wawili walibeba jina moja: Solange, mbegu za Bule. Wote wawili walifika. Augustin akapakia kamyo moja tu, akaandika jina, akaituma bila kuniuliza. Wakulima wamegawiwa mbegu. Hakuna gunia lililopotea.
Nililia mbele ya dereva wala sikuona haya. Wazo nilitoa mimi, lakini waliolitekeleza ni wao wawili, katika mvua. Asante Georgette. Asante Augustin. Sitasahau.
Patron alisikiliza yote kutoka mlangoni. Akasema, "Ni muzuri." Kwake hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 28
Antena mpya. Hewa safi. Mama Georgette alikuwa wa kwanza kuita. Nikashika kalamu, nikamuuliza agizo linaitwaje.
"Hakuna agizo, dada. Maharage yameota. Nilitaka tu usikie."
Nikaweka kalamu chini. Nikamwomba arudie.
Jioni nimewapikia watoto sombe ya majani ya muhogo na samaki. Wamekula wakashiba, wakalala mapema.