Msitoe Dizeli Yetu Kabla Sijarudi

Baba watoto, na wewe mwanangu,

Maneno ya saluni yamekataa kunitoka kichwani: eti pikapu ya petroli kama hii aliyotuachia muuzaji tuijaribu, tubadilishane na pikapu yetu ya dizeli, ilimzimikia mtu wa matofali katikati ya mlima, tangi kavu. Mwanangu ukacheka, "Mama na umbea wake!"

Haya. Leo asubuhi, nyinyi mkikoroma, nimemwamsha dereva wetu. Nyinyi mliijaribu tupu, kama mnaenda harusini! Sisi tumeifungia tela letu, limejaa maji pomoni, tukapanda nalo mpaka shuleni. Mshale wa mafuta umeshuka nikiuangalia. Dizeli yetu hupanda pale kila siku na mshale hata haushtuki. Hii ya petroli ikiwa tupu inakunywa kidogo, sibishi. Lakini sisi tunakula kwa kuvuta maji, si kwa kutembea.

Chai iko kwenye chupa. Naenda sokoni. ~~Ufunguo wa dizeli uko kabatini.~~ Hapana, naondoka nao. Nawajua.

Muuzaji akija:
– msisaini kitu
– msimpe kadi ya gari
– msiijaribu tena bila tela
– msimwambie Mama anaogopa. Mama ameshajaribu.

Mama