Aliyevaa Koti la Nadim

Zahle,
Jumapili, katikati ya Juni

Rindala, shoga yangu,

Salamu zangu zikufikie huko Montreali, zikukute unakula na kulala, maana hayo mawili ndiyo ninayokuombea kila nikipita mbele ya sanamu ya Bikira. Baba na mama wazima? Baridi ya huko imewaachia? Sisi huku hatujambo. Bibi anagombana na magoti yake, baba anagombana na mwenye jenereta anayetuuzia umeme, na wote wawili wanashindwa. Mimi nimemaliza shule, siamini.

Barua hii ataileta shangazi yako Jumatano. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei, na nimechoka kuongea na mlio. Nilikukasirikia, sikufichi. Halafu mama yako akamwambia mama yangu kwamba unalala na taa inawaka, kwamba shule ya huko ulikwenda siku mbili ukaacha, na kwamba ukimwona mtu barabarani amevaa koti la kahawia unavuka upande wa pili. Hasira ikaniisha. Nakuomba kitu kimoja tu, usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Mengi nitakayosema unayajua, lakini nataka uone yalivyokuwa kwetu tuliobaki. Nadim alipofariki Oktoba, kwenye ukungu ule, na pikipiki ile ambayo mama yake hakuitaka, Sista Marlen alisema kiti chake cha dirishani kibaki kitupu mpaka Krismasi. Tulidhani ni heshima. Kumbe kiti kitupu ni mzigo, hasa kwako uliyekaa ubavuni mwake. Ikaja sikukuu ya Mtakatifu Barbara. Darasa la mwisho tukaruhusiwa kujifunika kama kila mwaka, mmoja shuka la kitanda, mmoja gauni la nyanya yake, na Raif na masizi yake usoni kama sufuria. Na sheria ya Barbara unaijua, aliyejifunika hasemi mpaka atambuliwe.

Wakati wa kula ngano ya kuchemsha ya sikukuu ndipo tulipomwona. Tulikuwa tunapakua mabakuli, tunagombania komamanga, na mtu mmoja amekaa kwenye kiti cha Nadim. Koti la Nadim, lile la kahawia. Barakoa ya sufu, glavu za ngozi, macho yanatazama nje mlimani. Nilidhani ni Raif kabadilisha vazi, na nikasema moyoni kwamba huu sasa ni utani wa kishenzi. Wewe ulikaa mahali pako ukaushika mkono wake, ukamnong'oneza. Kengele ikalia, tukatoka mbio kwenda kupiga picha uani, tukavua barakoa. Mwenye koti hakuwapo. Raif akaapa kwa kaburi la babu yake, “Wallahi si mimi! Mimi hata kumtaja naogopa, nitavaa koti lake?”

Siku mnafunga masanduku ndipo uliponiambia ulichonong'ona. Kwamba ulimwomba msamaha, kwa sababu wewe ndiye uliyempigia simu alasiri ile ya ajali, ukamwambia kama haji leo asije tena. Kwamba hakukujibu. Alikubana tu mkono, kwa nguvu mpaka ukauma, na mkono ule ulikuwa wa baridi. Ukaniambia, “Jumana, amekuja kunichukua.” Nilikuambia acha ujinga, kisha nikarudi nyumbani nikalala kitanda kimoja na bibi.

Baada ya wewe kuondoka mambo yalizidi. Hakuna aliyetaka kukaa karibu na dirisha. Dirisha likijipiga kwa upepo, darasa zima linageuza shingo. Wadogo wa madarasa ya chini walikuwa wanashindana nani atathubutu kugusa kile kiti. Rabab, ambaye kanisani anaingia nasi kwa adabu tu na dini yake ni nyingine, alikuwa anasoma dua zake kwa sauti ya chini, na mimi nikamwomba anisomee na mimi. Sista Marlen akaja na maji ya baraka, akanyunyiza hadi ubao ukachuruzika, kisha akapiga marufuku mtu yeyote kulitaja jina la Nadim ndani ya lango la shule. Hapo ndipo alipokosea, masikini. Tangu siku ile Nadim akawa kila mahali.

Basi Ijumaa iliyopita ikawa misa yetu ya kuaga. Wazazi wamejaa, wanaume wanajipepea kwa karatasi za nyimbo. Kama desturi, kila mmoja wetu alisimama mbele ya altare aseme mwaka huu umemwachia nini. Rabab alisema nyanya yake aliogopa watamfanya mtawa, na badala yake ametoka anajua nyimbo za Maria kuliko Raif, anayechezesha midomo tu. Watu wakacheka. Mimi nilisema mambo ya kushukuru walimu, hata sikumbuki, na nilijiona mwongo nikiwa bado nasema.

Akasimama Raif. Tulijua ataleta vichekesho, na alianza hivyo, kwamba Sista Marlen ana masikio mpaka kisogoni. Halafu sauti ikamgeuka. Akasema, “Samahani, Sista, mimi nitamtaja. Mwaka mzima nimekaa na kiti cha Nadim nyuma yangu. Alikuwa rafiki yangu, na sasa namwogopa. Sitaki kumwogopa.” Akalia pale mbele ya watu, jitu lile zima.

Nyuma kabisa akasimama Mama Nadim. Hatukujua kama amekuja. Amekonda, Rindala, na mavazi meusi yanazidi kumkondesha. Akasema kwamba na yeye aruhusiwe kusema, kwa kuwa mwanawe naye alikuwa wa darasa hili. Kisha akatutazama. “Msimwogope mwanangu. Mtu aliyekuja siku ya Barbara ni mimi.”

Sista Marlen alikaa chini, ghafla. Mama Nadim akaeleza polepole, bila machozi. Alisema angekuja na uso wake, wote tungesimama, tungempa pole, Sista angemletea kahawa, na angerudi nyumbani bila kuona alichokifuata. Alitaka kukaa mahali pa mwanawe wakati tunapiga kelele, kama Nadim alivyokaa. Alitaka kuuona mlima ambao Nadim alimwambia ndio unaomfanya afeli hesabu. “Niliona,” alisema. “Ni mzuri kweli. Nikasikia mnagombania komamanga, nikapumua kidogo.”

Raif alimfuata akamkumbatia, masikini, nusura amwangushe. Mimi akili yangu ilikuwa kwako. Mkono ule. Yale maneno uliyonong'ona. Aliyasikia yote.

Nje, kwenye ngazi, yeye ndiye aliyenitafuta. Aliniuliza, “Yule binti wa pembeni yake yuko wapi? Simwoni.” Nikamwambia, Rindala, nisamehe, nilimwambia kila kitu, usingizi, taa, shule, koti. Akajipiga kifuani kwa ngumi akasema, “Ole wangu, mimi ndiye niliyemtisha mtoto wa watu.” Alisema siku ile hakuweza kukujibu. Angefungua kinywa angepiga yowe, na darasa lote lingejua. Akakubana mkono kwa sababu ndicho alichoweza, na alidhani umeelewa kwamba hana kinyongo na wewe. Glavu zilikuwa za Nadim, alitembea nazo kwa miguu kutoka nyumbani katika baridi ile ya Desemba, ndiyo maana mkono ulikuwa wa baridi.

Nilidhani yameishia hapo. Akanishika kiwiko, akasogea karibu, akaongea kama anayeomba kitu dukani na anaogopa ataambiwa kimekwisha. Alisema alasiri ile alikuwa jikoni. Alimsikia Nadim kwenye simu ukumbini, na Nadim alikuwa anacheka, cheko lile lake la kuishiwa pumzi. Akapita mlangoni bado anacheka, akasema “narudi, mama,” na hakurudi. “Nimemuuliza padri, nimemuuliza baba yake, nani atajua? Mwambie yule binti simuulizi kosa, kosa halipo. Namuuliza tu, mwanangu alikuwa anacheka nini.”

Wewe peke yako ndiye unayejua, Rindala. Namba ya nyumbani kwao ni ileile. Kama huwezi kuongea, mwandikie, hata mstari mmoja.

Nisalimie mama na baba, na umwambie yule mdogo wako kwamba baiskeli yake ninaitunza. Huku wanakusalimu mama, baba, bibi na magoti yake, Rabab, na Raif anayesema umnunulie kofia ya huko. Sista Marlen anakusalimu na kukuombea. Mama Nadim hakutuma salamu. Amesema atakupa mwenyewe ukimpigia.

Ni mimi, mwenzako wa siku zote,
Jumana