Figa Chini ya Gurudumu

Mama Mwanajuma,

Nimekwenda Choma na pikapu, kupeleka chumvi ya duka la ujamaa. Nitalala huko. Kuku wafungieni jikoni, banda nitalijenga nikirudi. ~~Mahindi yatwangwe leo.~~ Mahindi yapelekwe mashine.

Asubuhi umenitia aibu mbele ya jirani yetu Bi Swaumu, eti breki za dramu zilikuwa na akili kuliko fundi aliyezitoa. Dramu hizo hizo masika ziliingia maji pale mto Manonga, zikagoma kushika, nusura tupinduke! Breki za diski nilizofunga nyuma badala yake zinashika hata zikilowa. Ila kebo ya handibreki ya kuzifaa bado sijapata, ndiyo maana nikiegesha gari naliwekea jiwe gurudumuni. Nilikwambia jana. Ukaenda ukalichomoa upikie uji, gari likateremka likavunja banda la kuku. Breki hazikuachia, mke wangu. Aliyeachia ni wewe.

Haya, jiwe lenyewe ni figa lako, sikatai. Nimelirudisha mekoni, limepanguswa vizuri.

Kinu msihangaike kukitafuta. Nimeondoka nacho.

Baba Mwanajuma