Komeo la Langoni

Magole, Kilosa

Mdogo wangu Beda,

Mama ni mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua. Nilimsomea barua yako ya ile kesi ya huko Bangkok, ya jogoo wa kupiganishwa aliyeibwa ukamkuta kafichwa saluni. Alicheka mpaka akakohoa.

Hapa nami nimekuwa mpelelezi kama wewe. Kila asubuhi tulikuta lango liko wazi, na ng'ombe wa jirani yetu mzee Kimaren wamo kwenye mahindi. Nikamgombeza, mtu mzima yule. Akawaswaga ng'ombe wake, akaenda zake. Basi jioni moja nikamwaga majivu langoni, na asubuhi nikakuta nyayo za mama, zimekwenda na kurudi.

Nikamuuliza. Akasema, "Komeo hili tuliliweka Beda ameshaondoka. Akifika usiku atalifunguaje?"

Nilikwenda kwa mzee Kimaren, nikamwamkia shikamoo na kumwomba radhi. Mahindi hayatatufikisha mbali mwaka huu.

Hujasema utakuja lini, nami sikuulizi. Ila siku ukipiga simu, mwambie mama kwamba unajua kulifungua komeo. Linainuliwa kwanza, ndipo linavutwa.

Dada yako,
Filomena