Nta Juu, Oili Chini

Baba Hyasinta uliyetuacha,

Wanaotoka Mbamba Bay wananiambia umenenepa. Sijui kama ni kweli. Siku hizi hata habari zako njema nazipokea kwa jicho la pembeni.

Unalikumbuka lile sanduku? Kahawa ilikuwa haina bei, kila kitu kimekuwa ruksa, akaja yule mnunuzi aliyetaka vyura wazima. Vyura! Mimi nilimtilia shaka tangu alipokataa kukaa kwenye kiti chetu. Wewe ukacheka: "Mama Hyasinta, mwenye hela akitaka chura, mpe chura." Akatuagiza tutengeneze sanduku la kuwasafirishia, tuzibe mbao zake zisioze kwa unyevu, ila tuangalie tunapaka nini. "Chura anakunywa kwa ngozi," alisema. "Mtakachopaka ndicho atakachokunywa."

Tuliziba kwa nta ya mizinga ya baba yangu kule Ukata. Mimi nayeyusha, wewe unasugua kwa kitambaa, mpaka maji ukimwaga yanateleza tu. Ukanipaka nta puani. Jamani, tulivyocheka siku ile! Nilikupenda, sikufichi.

Basi ukatandika majani mabichi wewe mwenyewe, tukaweka vyura. Asubuhi walikuwa chali, wote. Mama yako akasimama uani akapaza sauti: "Mkono wa mwanamke huyu una kitu!" Wewe ulikuwepo, na hukusema neno. Tangu siku hiyo mama yako hakugusa ugali wangu, na majirani wakaacha hata kuja kuomba moto kwangu. Kisha ukashuka ziwani kutafuta maisha, mpaka leo.

Juzi nimelibomoa sanduku nipate kuni. Pande zote safi. Sakafu ya ndani nyeusi, na bado inanuka gari. Oili chafu! Ile mnayopaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Nilijua tu! Nta haikukutosha, ukaenda kuongeza yako kimyakimya.

Nikampelekea mama yako ubao kitandani. Ni mgonjwa sasa, na mimi ndiye ninayemwogesha. Nikamwambia, "Mama, nusa."

Hakunusa. "Aliazima brashi ya kupakia kwangu," akasema. "Nilijua siku ile ile. Angekuwa mwanao, ungefanyaje?"

Kumbe mlikuwa wawili! Miaka yote nimeitwa mchawi, na nyie mnajua. Nimelia mpaka nimechoka. Sasa kila anayenisalimia njiani namtazama mara mbili, nisijue naye anaficha nini.

Jumapili jumuiya ya kanisani inakuja hapa kumwombea mgonjwa. Nimemwambia mama yako aseme mwenyewe mbele yao, kwa sauti ile ile aliyonitangazia uani. Amekubali. Amekubali upesi mno, na hilo nalo linanitia wasiwasi, kwa hiyo nitakaa kitandani pake mpaka atamke jina lako. Wewe usihangaike kupanda milima. Tutakutaja ukiwa huko huko.

Ni mimi, niliyekuwa mkeo.